Kiazi cha Rensper Kilichofichwa Kivulini

Tangu kiazi chake kikuu kichipue mwezi Machi, Rensper Ioanis hakukaa kitako. Alikula amesimama. Kanisani alitoka kabla ya baraka. Mara tatu kwa siku alipotelea nyuma ya nyumba yake kule Kitti, kusini mwa kisiwa cha Pohnpei, akarudi na matope hadi magotini, na mkewe Sehpina hakumwuliza alikotoka. Kwao mtu haulizwi habari za kiazi chake. Ukipita karibu na kiazi cha mwenzio unageuza uso. Kukitazama ni kukosa adabu. Siku yake ni moja tu, siku ya karamu, kinapoletwa mbele ya chifu kimefungwa kwenye miti mabegani mwa wanaume. Hapo ndipo mtu hupimwa.

Marehemu baba yake alikuwa mtu wa kiazi cha wanaume wanane. Rensper, katika umri wa miaka arobaini na sita, mwaka uliopita alipeleka cha wanaume wawili, na mmoja wao alipiga mluzi njia nzima. Sasa cheo cha baba kilikuwa wazi, na chifu angekitoa kwenye karamu ya Novemba. Mtu mwingine aliyekitaka ni Ludwik, kaka yake Sehpina, mwenye ardhi ya juu kilimani.

Ili kuyakwepa macho ya Ludwik, Rensper alipanda bondeni, chini ya mishelisheli mitatu iliyoshikana matawi, mahali ambapo saa sita mchana hufanana na magharibi. Alichimba shimo la kumfika kifuani, akalijaza majani yaliyooza. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kiazi kinakaa ardhini, basi chakula chake kimo ardhini. Mmea ulipodhoofu aliongeza mbolea. Kufikia Juni majani yalikuwa mapana lakini mepesi, kijani chake kimechujuka kama kanga ya zamani.

Jumamosi moja alasiri alitoa jani mfukoni, akaliweka mezani mbele ya Sehpina, ambaye alifundisha sayansi shule ya msingi.

"Sikuulizi limetoka wapi," mkewe alisema.

"Usiulize. Niambie linaumwa nini."

Sehpina alichuma jani jingine la kiazi kutoka uani, penye jua. Akayachemsha yote mawili kwa maji, kisha akayatia katika vikombe vya spiriti vilivyokaa ndani ya maji ya moto, hadi kijani kikatoka chote na majani yakabaki meupe. Aliyasuuza, akayadondoshea iodini. Jani la uani likawa jeusi. La Rensper lilibaki na rangi ya iodini yenyewe, hudhurungi ya kutia huruma.

"Weusi ni wanga," Sehpina alisema. "Hili la uani limepika tangu asubuhi. Lako hata sufuria halijainjika."

"Na mbolea yote ile?"

"Mbolea ni chumvi ya mchuzi, Baba Damian. Nani alishiba chumvi? Jani linavuta hewa ya ukaa, linapandishiwa maji na mizizi, na jua ndilo moto wake. Linapika sukari. Inayozidi inateremshwa chini kuwekwa akiba, na hiyo akiba ndiyo kiazi. Darasani tunaita usanisinuru. Watoto wanaufeli kila mwaka."

"Mimi si mtoto."

"Na umefeli."

Rensper alielewa mara moja kilichotakiwa, na ndicho kilichomnyima raha. Akiyakata matawi, tundu la mwanga lingeonekana waziwazi kutoka kilimani. Asipoyakata, angepeleka kwa chifu kitu cha kubebwa kwapani. Siku mbili alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya tatu alipanda mshelisheli na panga.

"Polepole," Sehpina alikuwa amemwonya. "Jani la kivulini likipigwa jua ghafla linaungua."

Hakuwa na subira hiyo. Majani ya zamani yaliungua kingo. Lakini mapya yaliyofuata yalitoka madogo, mazito, ya kijani kilichokolea.

Wiki hiyohiyo Ludwik aliteremka, akaketi barazani, akatazama angani.

"Shemeji, naona bondeni kwako kumekucha."

"Nakata kuni."

"Kuni! Na lile jiko la gesi?"

"Dada yako anapenda moshi."

"Dada yangu? Huyo anakohoa hata mtu akitaja sigara!"

Walicheka wote wawili, na kiazi hakikutajwa. Siku chache baadaye panga lilianza kusikika kilimani.

"Umemwambia!" Rensper alimgeukia mkewe.

"Kaka yangu ana macho, bwana."

Tangu hapo alipigana na mawingu. Kitti hunyesha karibu kila siku, na kila mvua ilipoanza Rensper alisimama mlangoni akihesabu dakika, akimwona mawazoni Ludwik kilimani akipata jua ambalo yeye hakulipata, ingawa mvua iliwanyeshea wote.

Novemba kiazi chake kilibebwa na wanaume wanne. Umati uliguna kwa kuridhika, na kwa muda mfupi alikaa kitako kama watu wengine. Kisha kikaingia cha Ludwik, kwa wanaume sita. Cheo kikatangazwa, kikombe cha sakau, kinywaji cha heshima, kikapelekwa kwa Ludwik, na Rensper akapiga makofi kama ilivyopasa.

"Shemeji," Ludwik alimnong'oneza alipopita, "kuni zako zimenifaa sana."

Januari Rensper alichimba shimo jipya kando ya barabara iendayo kanisani, peupe, pasipo mti hata mmoja. Akasimika mianzi mirefu ili mmea upande.

"Watakiona wote," Sehpina alisema.

"Wakione. Nani atathubutu?"

Majani yalipofika juu ya mianzi, kijiji kizima kilikwenda ibadani kikitazama upande wa pili. Mzee mmoja wa kanisa alitumbukia mtaroni. Ludwik naye alipita, shingo imepinda, akausalimia ukuta wa jirani:

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo," alijibu Rensper nyuma yake, akakata tawi la kichaka cha kando lililoanza kutupa kivuli.