Pedali ya Katikati

Usiku ule nililala nikiwa nimeshakata tamaa. Kesho yake gari la marehemu babu lilitakiwa kwenye gwaride la magari ya zamani mjini Nakuru, na baba mdogo alikuwa ameniambia bila kunificha: "Ama nihamishe hizo pedali, ama lipande lori. Wewe utagonga watu."

Hakukosea. Gari lile jekundu liliundwa Italia kabla ya vita, likakimbizwa kwenye mashindano huko kwao, na pedali yake ya mafuta iko katikati. Breki iko kulia. Juzi nilitaka kusimama, likaruka mbele na kuangusha ua wa jirani.

Basi babu akaja. Alisimama gerejini akifuta mikono kwa kitambaa, ndani ya ovaroli ile aliyovaa tangu alipokuwa fundi wa Mwitaliano aliyemwachia gari. Hakunisalimu. Alivua viatu, akavipanga kando ya gurudumu. Nikakumbuka kwamba hakuwahi kuliendesha akiwa na viatu.

Mara hatuko gerejini tena. Tunateremka Bonde la Ufa, injini inanguruma mpaka kifua kinanitetemeka, na mimi ndiye nimeshika usukani. Sijui tulibadilishana lini. Mbele kuna kona kali. Naogopa sana.

"Mke wangu," babu ananiambia, maana nimepewa jina la nyanya na utani huo hakuuacha hata kaburini, "usitake liwe kama mengine. Mguu wako ndio ujifunze."

Miguu yangu iko pekupeku. Nakanyaga kulia, gari linatii. Kando ya barabara wamejipanga watu ambao niliwazika mwenyewe, wote wanapiga makofi. Babu amekaa wima pembeni yangu kama bwana harusi. Najivuna hadi machozi yananitoka.

Nikaamka, kumekucha. Nilimkuta baba mdogo ameinama chini ya usukani, spana mkononi.

"Toka hapo, baba mdogo. Babu amekataa."

Alinitazama, kisha akaitazama miguu yangu mitupu juu ya saruji baridi. Akaweka spana chini. Alivua viatu vyake pia, akapanda upande wa pili.

Langoni nilikanyaga kulia. Likasimama palepale nilipotaka.

"Haya, mama," baba mdogo akasema, maana nina jina la mama yake mzazi. "Twende."