Shangazi Redio na Amri ya Kimya

Kiwandani walimwita Redio, na shangazi yangu hakukasirika. Alishona mashati huku akisimulia habari za mume, za mkwe, za kuku wa jirani, na katikati ya umbea huo ungesikia, "Wewe, legeza uzi, utakatika." Hivyo ndivyo tulivyojifunza kazi. Hata mimi wa meza ya pasi najua kugeuza kola, na hakuna aliyewahi kuniweka darasani.

Akaja meneja mpya, akabandika karatasi ukutani: marufuku kuongea penye mashine. Mafunzo, alisema, yatatolewa ofisini kila mwezi, kwa utaratibu. Utaratibu gani huo? Ukikwama leo, ukae umekodoa macho hadi mwisho wa mwezi?

Wiki hiyohiyo aliingia mjane mmoja mwenye watoto, kwa majaribio. Mashati yake yakikataliwa Ijumaa, basi, kazi hana. Na kila mkono wa shati alioushona ulijikunja. Alitazama huku na huku akitafuta msaada, lakini kila mtu aliinamia mashine yake. Nilimwona akifuta machozi kwa kipande cha kitambaa, nikachemka kwa hasira.

Ijumaa asubuhi shangazi aliinuka, akavuta kiti chake mpaka kwa mjane.

"Mwanangu, mkono ni mpana kuliko tundu la bega. Uweke upande wa chini, meno ya mashine yaule polepole. Usivute. Unavutana na nani?"

Meneja alitoka ofisini mbiombio. "Mama, hujasoma karatasi?"

"Nimesoma, baba. Ndiyo maana nimepaza sauti, usije ukasema tunanong'ona."

Mtu akaangua kicheko. Meneja hakucheka. "Chukua mkoba wako uende nyumbani. Huna kazi hapa."

"Nitakwenda. Acha kwanza tumalize bega."

Wakalimaliza. Mkono ulikaa sawasawa, bila kunyanzi hata moja. Shangazi akasimama, akatwaa mkoba wake.

"Kuna mwingine anayetaka kumfuata?" meneja akatuuliza.

Sote tulijua nani angeumia zaidi akifukuzwa. Ndiye aliyeinua kichwa.

"Mama, kabla hujaenda," mjane alisema, akishika mkono wa pili wa shati, "huu wa kushoto naanzia wapi?"

Shangazi akaweka mkoba chini, akarudi kitini. Sisi wengine tukazima mashine ili tumsikie vizuri.