Kijiko cha Mchana wa Ramadhani

Juzi mchana, barazani kwa jirani yangu Mji wa Kale, mshona kofia mmoja alimimina dawa yake kwenye kijiko mbele yetu akainywa. Ni dawa ya maradhi yanayomfanya mara aimbe usiku kucha, mara alie wiki nzima.

Wifi yake akamaka: "Wala mchana, nawe u mzima? Iache hadi Idi!"

"Mwaka jana niliiacha, wifi. Idi ikanikuta nimefungwa kamba. Uzima huu ni wa kijiko hiki."

"Basi kanywe ndani! Huoni haya?"

"Mlipokuwa mkinifunga, mlango mliuacha wazi."

Akakilamba kijiko taratibu, akimkazia macho.

Mimi nilikuwa nimefunga. Watakaosema namtetea mla mchana, na waseme. Namtetea.