Kichupa cha Baba Mkwe

Mimi ni Msukuma wa Didia, nikaolewa Ushirombo kwa Wasumbwa, na kazi yangu miaka ile ya sabini ilikuwa kupima mikojo katika hospitali ya misheni. Shemeji zangu waliniita Mama Mkojo. Niliwaambia wacheke tu, siku moja watauleta wa kwao.

Aliyenitesa si wao, ni baba mkwe. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila mwezi alipaswa kuleta mkojo kwenye kichupa kitupu cha penisilini. Mpimaji wa zamani alikuwa mwanamume, mambo yakaenda. Alipohamishwa nikakaa mimi. Sasa mzee mzima amkabidhi mkamwana wake mkojo? Kwa heshima za pale hata maji hakuyapokea mkononi mwangu. Nilikiweka kikombe chini, nikaondoka, ndipo akakichukua. Kichupa nacho alikiacha dirishani, akaenda zake bila kunitazama.

Nilipima namna mbili. Matone ya mkojo unayachemsha ndani ya dawa ya bluu: ikibaki bluu hakuna sukari, ikiwa kijani ipo kidogo, ikiwa nyekundu kama tofali ni nyingi. Kisha mkojo uliobaki unauchemsha peke yake juu ya taa ya spiriti na kuutia asidi kidogo. Ukitanda ukungu usioondoka, figo zimeanza kuvujisha protini, hata kama mgonjwa haumwi popote. Huo ukungu ndio tuliouogopa.

Kwenye daftari la mpimaji wa zamani, mkojo wa baba ulikuwa ukitoa kijani. Kwangu ukaja wa kutoa nyekundu, na wenye ukungu. Nikarudia, vilevile. Sista daktari akamwongezea vidonge vya sukari na kumkataza chumvi. Nyumbani nikaagiza mboga yake ipikwe kando, mzee akanuna, akala.

Siku chache baadaye alianza kutetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Mume wangu akamnywesha chai yenye sukari nyingi, akazinduka. Sukari iliyojaa vile imeshukaje ghafla? Nikasimama mlangoni, mzee anatazama ukuta.

"Baba, ule mkojo ni wako kweli?"

Akazidi kuutazama ukuta, hasira ikanipanda.

"Hii heshima tutaipeleka wapi, baba? Kaburini?"

Mume wangu alinikata jicho. Mzee akajikohoza.

"Ni wa mama yenu. Niliona aibu kukupa wangu. Nilimwambia hospitali wanautaka, akanipa. Hata hakuuliza."

Mama mkwe alikuwa jikoni anasonga ugali. Mwanamke mcheshi, mwenye mwili wake, sijawahi kumsikia akilalamika hata kichwa. Vidonge vilivyomwangusha mumewe vilimhusu yeye, na chumvi tuliyomnyima mzee, yeye alikuwa anaila kila siku. Nilipomweleza alicheka.

"Kumbe naumwa na sina habari."

Tulimpima upya, majibu yakawa yaleyale. Akaanzishiwa dawa, akapunguza chumvi, uji wa sukari akauacha kwa manung'uniko. Sista alisema tumewahi. Ni kweli tuliwahi, maana alipata miaka mingi, akawalea wanangu wote mpaka wakaanza shule.

Mzee naye alibadilika. Kila mwezi alikuja na vichupa viwili, chake na cha mkewe, akanipa mkononi mbele za watu. Chake kilitoa kijani daima. Cha mama kilikuwa na ukungu mwepesi, mwaka hata mwaka, halafu ukaanza kuwa mzito, miguu ikavimba, na dawa tulizokuwa nazo hazikufua dafu.

Baada ya matanga nilidhani mzee hatakuja mwezi ule. Alikuja, na vichupa viwili vilevile. Kimoja kilikuwa na mkojo wake. Cha pili kilikuwa kitupu, kimeoshwa mpaka kinang'aa.

"Hiki cha mama yenu," alisema. "Pale nyumbani sijui nikiweke wapi."

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikalia mbele yake, naye hakugeuka kuondoka.