Kadi Kumi na Moja za Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa kupima wateja kwenye duka la suti huku ughaibuni, na mimi napiga pasi chumba cha nyuma hapohapo. Wenzake humwita Mama Futi, maana ile futi ya kupimia haitoki shingoni mwake hata akila. Kiuno chako anakijua kwa kukitazama tu. Mimi alishaniambia nimenenepa kabla sijajijua mwenyewe!

Weusi pale tuko wawili tu. Na mambo yanayotukuta Shangazi ameyapa majina. Mlinzi wa supamaketi akitufuata mpaka kwenye sabuni, atasema, "Leo tuna msindikizaji." Mama wa watu akikumbatia pochi yake kwenye basi: "Nimepandishwa cheo, jambazi mimi." Akisifiwa kwa kuongea vizuri lugha yao, na yuko hapa miaka ishirini na sita: "Nimepewa cheti." Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Lakini ubaguzi, neno lenyewe, halitamki. "Zito hilo, mwanangu. Ukilitoa, ulibebe."

Sasa sikia. Dukani, mteja akihamishiwa kwa fundi mwingine, fundi wa kwanza lazima aandike sababu kwenye kadi ya vipimo. Na Shangazi, kila mteja aliyekataa kuguswa na mikono yake, aliandika: vipimo vimekosewa. Eti asilete maneno! Nilikuja kujua siku meneja alipomwekea kadi kumi na moja mezani, akamwambia kuanzia Jumatatu atakaa nyuma kushona vifungo.

Nilitoka mbio, pasi nikaiacha hukohuko. "Shangazi! Umejisingizia mwenyewe?"

"Rudi, utaunguza suruali ya mtu."

Ilikuwa imeshaungua.

Akaivua futi, akaiweka mezani. Sikuwahi kumwona kazini bila futi, na roho iliniuma kweli. Miaka yote hiyo, halafu vifungo? Kisha akaomba kalamu.

Akaanza kuikata ile sababu kwa mstari na kuandika upya, kadi moja baada ya nyingine: Mteja hakutaka kupimwa na mtu mweusi. Ubaguzi. "Sasa zigeuze," akamwambia meneja. Nyuma ya kila kadi fundi wa pili alikuwa ameandika vipimo alivyochukua upya. Namba zilezile alizoandika Shangazi mbele kwa kutazama tu, mpaka nusu inchi.

Meneja alizisoma kumi, uso ukamshuka. "Na hii moja hujaigusa."

"Hiyo iache. Yule bwana harusi nilimkosea kweli. Nilikuwa na njaa."

Meneja akaokota futi, akampa kwa mikono miwili. "Jumatatu utakuwa mbele, mama. Atakayekukataa, mlango anaujua."

Tulipotoka nikamuuliza kama lile neno lilikuwa zito kama alivyosema.

"Zito," akajibu, akiishika futi yake. "Ila kumbe nilikuwa nalibeba siku zote."