Bihogo na Mtumishi wa Mfalme wa Uingereza

Harufu ya maziwa katika chombo kilichofukizwa moshi wa nyasi hunirudisha kijijini kwetu Nyakakika, kiangazi kimoja baada ya vita kuu ya pili, Mwingereza mmoja alipokuja na familia yake kuwinda. Tuliambiwa kwamba alimhudumia mfalme katika kasri, na kwamba alikuwa mbunge. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu hakumponya mtu. Mkungu, yaani mkuu wa kijiji chetu, alimwamuru baba apeleke kambini kila asubuhi maziwa ya Bihogo, ng'ombe wetu wa pekee aliyekuwa akikamwa. Mama alikuwa mgonjwa, na mdogo wangu Koku, ambaye hakuwa ameota meno, aliishi kwa maziwa hayo. Tulibakiziwa kidogo.

Asubuhi moja nilimfuata baba. Tulimkuta bwana yule akila nyama ya swala huku akiishushia kwa maziwa yetu. Kwa wafugaji wa kwetu, viwili hivyo havikutani tumboni siku moja; vikikutana, ng'ombe aliyekamwa hudhurika.

"Mwambie asichanganye, ataniulia Bihogo," baba alimsihi mkungu.

Mkungu akamwinamia mgeni. "Anasema karibu sana, bwana mkubwa."

"Sikusema hivyo!"

"Nyamaza wee! Mwenye nguvu mpishe. Unataka nifungwe kwa ajili ya chuchu za ng'ombe?"

Kesho yake baba hakupeleka maziwa. Askari wakaja kumswaga Bihogo kambini, wakamwacha ndama zizini.

"Mchukueni na ndama basi! Hashushi maziwa asipomlamba mwanawe!"

"Mzee, ng'ombe wako ana masharti kuliko mama mkwe," walimcheka.

Wageni walipoondoka, Bihogo alirudi amekauka maziwa. Koku alinyweshwa uji wa mtama, hakuuweza. Tulimzika kabla ya mvua.

Baba aliamini hadi kufa kwake kwamba nyama ndiyo iliyomkausha Bihogo. Mimi, niliyefunzwa kupima ushahidi, nasema ni kutengwa na ndama; kisha najiuliza kama naichagua sababu hiyo kwa kuwa ina mtu wa kulaumiwa. Hivi karibuni, katika maktaba ya chuo kikuu, nilisoma maisha ya bwana yule. Mke, watoto, hata farasi wake wametajwa kwa majina. Amesifiwa kwa adabu yake. Mwanawe amerithi cheo na mashamba. Koku angekuwa na watoto sasa. Sina neno jema kwa mtu aliyejua namna ya kuinama mbele ya mfalme, asijue kuuliza maziwa anayokunywa ni ya nani.