Redio Isiyoguswa Ndege Ikiwa Angani

Vumbi lililolala ndani ya redio kwa muda mrefu lina harufu yake, nayo haitoki mpaka umeme upite na vyuma vipate moto. Ni harufu kavu, inayokaribiana na ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa cha sufu. Niliisikia tena majuzi, nilipoitoa redio yangu ya kunasia mazungumzo ya marubani katika sanduku ilimokaa tangu macho yangu yaanze kunikatalia. Mjukuu wangu Naomi alikuwa ameketi kando yangu. Nilimwomba anizungushie kitufe cha masafa, kwa kuwa tarakimu zake sizioni tena. Alinyoosha mkono, akausimamisha hewani, kisha akaurudisha mapajani.

"Kambo," aliniuliza, kwa neno ambalo kwetu Lubumbashi ndilo tunalomwitia babu, "hakuna ndege angani?"

Naomi sasa ni msichana wa sekondari, mrefu kuliko mama yake, na hubishana nami juu ya mwendo na mvutano bila kuniachia hata hatua moja ya hoja. Kwa hiyo swali lile lilinishangaza. Kisha nikalielewa, na tangu hapo sijapata raha.

Ndugu zangu mnaonisoma, mimi nimeishi nikiwa adui wa maneno ya kuambiwa. Nilifundisha fizikia mpaka nilipostaafu, na mtu aliyeniletea habari alipaswa kwanza kujibu maswali mawili: umeona mwenyewe, au umesikia kwa nani? Wanafunzi walinibandika jina la Ushahidi. Nililisikia likinong'onwa ukumbini, wala sikulichukia.

Nilipohamia Johannesburg kuishi na binti yangu Monika, katika ghorofa ya tatu ya jengo la matofali mekundu huko Turffontein, sikuwa na darasa tena. Nilikuwa na roshani. Siku za mashindano ya farasi, kelele za watazamaji zilitufikia kama mvua inayokuja kutoka mtaa wa pili, na juu ya kelele hizo zilipita ndege. Katika duka la vitu vilivyokwisha tumika nikaikuta redio ile. Nikaitengenezea antena ya bomba la shaba, nikaifunga kwenye nondo za roshani, nikaiunganisha na kompyuta kuukuu, na yale waliyoambiana marubani na waongoza ndege nikayarusha mtandaoni, yasikilizwe na yeyote mwenye hamu. Wenye hamu walikuwapo. Mzee mmoja wa nchi ya baridi, ambaye sikupata kumwona, aliniandikia kwamba hapati usingizi wa mchana pasipo sauti za anga la Johannesburg. Niliupokea ujumbe ule kama mtu anayepokea cheo.

Nilichokipenda katika mazungumzo yale ni kwamba hayakuwa na porojo. Mwongozaji hutoa agizo. Rubani hulirudia lote. Akilirudia vibaya, husahihishwa papo hapo. Nilimwambia Monika kwamba hivyo ndivyo wanadamu wote wangepaswa kuzungumza.

"Papa," alinijibu, naye alikuwa msusi katika saluni moja ya Joubert Park, "bantu bote bakisema hivyo, miye nitafunga saluni."

Wakati huo Naomi alikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele. Kiswahili chetu alikielewa chote, ila alikijibu kwa Kiingereza, na alipokasirika alijibu kwa Kizulu. Redio aliipenda kuliko alivyompenda paka wa jirani. Siku moja niliona kwamba wasikilizaji wangu wote walikuwa wamepata kimya tangu asubuhi. Nilipotoka nje nilikuta soksi zake za shule, mbichi, zimening'inizwa kwenye antena, na waya umechomoka. Alitaka zikaushwe na upepo wa ndege.

Ningeweza kumweleza kazi ya antena. Nilikuwa na ubao, chaki na subira ya mwalimu. Badala yake nilishika njia ya mkato ambayo wazee wetu wameipita tangu zamani. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo, mama alinikataza kukalia kinu. "Ukikalia kinu," alisema, "mama yako atakufa." Kila mtoto wa mtaa wetu aliambiwa hivyo. Tangu nipate akili nilijua kwamba mwiko ule haukuwa na kazi nyingine ila kukilinda kinu na makalio ya watoto. Basi nami nikautunga wangu.

"Naomi," nilimwambia, "mtu akiigusa redio hii ndege ikiwa angani, ndege hiyo haipati njia ya kushuka."

Monika alikuwa akikunja nguo. "Papa, uko unaogopesha mutoto bure."

"Ninalinda chombo."

Naomi hakucheka. Alinitazama, ulimi wake ukichezea pengo la jino. "Kweli, Kambo?"

"Umewahi kunisikia nikisema jambo nisilolijua?"

Hakuwahi. Na ndiyo maana alisadiki.

Mwishoni mwa mwaka 2017 mama mkwe wa Monika alifariki huko Lubumbashi, na Monika akaenda matangani. Mimi na Naomi tukabaki na redio. Siku ya kurudi kwake mtoto aliamka mapema akavaa gauni la kanisani, lile ambalo Mama Kapinga, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, alikuwa amelirefusha pindo. Nikapika sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, nikaandaa na unga wa bukari, ule ugali wetu, ili nimalize kuusonga mgeni akiwa mlangoni. Asubuhi anga lilikuwa safi kama sahani. Lakini mchana wa Desemba katika mji huu hauaminiki: baada ya chakula wingu jeusi lilisimama upande wa kusini, na harufu ya udongo uliolowa ikafika kabla ya mvua yenyewe.

Tukiwa tumeketi kwenye meza ya redio, rubani wa ndege ya Lubumbashi alijitambulisha. Sauti yake ilikuwa tulivu, nzito kidogo.

"Sikiliza," nilimwambia Naomi. "Huyo ndiye anayemleta mama yako."

Aliisogelea redio mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo cha tarakimu. Wakati huohuo Mama Kapinga akaniita kutoka ngazini: upepo umefungua dirisha lake, na vitambaa vya wateja vinalowa. Nikashuka kumsaidia.

Niliporudi, redio ilikuwa ikifoka povu la kelele tupu, na mvua ya mawe ilikuwa ikiyapiga mabati ya jirani. Tarakimu zilikuwa zimesogea. Nilidhani ni mimi niliyekigonga kitufe wakati wa kuinuka. Naomi alikuwa amesimama karibu na mlango wa roshani, mikono nyuma. Niliyarudisha masafa mahali pake na kusikiliza. Ndege kadhaa zilikuwa zikizungushwa mbali na dhoruba. Rubani wetu alisubiri, akasubiri tena, kisha akaomba ruhusa ya kuelekea Durban.

Nilifanya kama nilivyofanya siku zote: nilitangaza nilichokisikia.

"Haikupata njia ya kushuka," nikasema.

Kabla sijaendelea, mlango ulifunguliwa na Mama Kapinga akaingia, kanga imelowa, simu mkononi.

"Papa Professa! Banasema ndege ya Lubumbashi imeanguka!"

"Nani wanasema?"

"Bantu!"

"Watu gani?"

"Bantu ba ku saluni ya Monika. Banaandika mu simu."

"Waliiona ikianguka?"

"Papa, na hii mvua, bataona nini?"

"Basi kama hawakuona, wanyamaze." Nikamweleza, kwa utaratibu, kwamba ndege imeelekea Durban, kwamba nimemsikia rubani kwa masikio yangu, na kwamba uvumi ni dhambi ya watu wenye masikio mazima. Nilizungumza vizuri. Mama Kapinga alifunga kanga yake, akanitazama toka juu hadi chini.

"Professa," alisema akitoka, "moyo yako njo ile redio."

Nilikuwa nimeshinda hoja. Nilipogeuka nilimkuta Naomi chini ya meza, gauni la kanisani limechafuka kwa matapishi. Nilimwosha, nikamlaza, nikahukumu kwamba ni sombe aliyoionja kabla haijaiva. Sikumwuliza lolote. Mimi, mtu wa maswali mawili.

Kesho yake Monika alifika salama, amechoka, na mfuko wa samaki wakavu kwapani. Aliachia mizigo mlangoni na kufungua mikono. Naomi hakwenda. Alijisokota ndani ya pazia, mikono nyuma, na mama yake alipomvuta alikakamaa kama ubao. Monika alicheka kwanza, akimtania: "Eish, umenisahau? Mimi ni mama yako, siyo polisi." Kisha akaacha kucheka. Baadaye nilimkuta jikoni akiwapangua wale samaki bila sababu, machozi yakimtiririka.

"Mutoto amenikatala, Papa. Nilimuacha, na yeye amenikatala."

Nikamfariji kwa methali ya kwamba kidonda cha mtoto hupona upesi. Lakini Monika hakusafiri tena. Mdogo wake alipoolewa huko kwetu, aliitazama harusi kwenye simu, ameketi kitandani, amevaa kitenge cha sare na hereni zake zote, akipiga vigelegele peke yake. Nilimwona, nikasema moyoni: huo ndio umama. Na Naomi hakuigusa redio tena, wala hakuingia roshani isipokuwa nimemtuma. Wageni walipokuja nilimsifu mbele yao. Tazameni, nilisema, mtoto aliyeambiwa mara moja tu.

Hayo yote niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, na hakuna hata moja nililolielewa, mpaka majuzi, redio ikinukia vumbi katikati yetu, Naomi aliponisimulia kwa Kiswahili kilichokatika-katika lakini chenye kutosha.

"Nilitaka kumsikia Mama tu," alisema. "Nilifikiri rubani ndiye wa kwanza, halafu mbele kidogo kwenye namba kuna abiria, nao wanasalimia. Nikazungusha. Rubani akapotea, ikabaki kelele tu. Halafu ukarudi, ukasema haikupata njia."

"Lakini mama yako alifika."

"Alifika, Kambo. Nikafikiri Mungu amenisamehe mara moja. Niliogopa nikimshika Mama, atajua ni mikono hii."

"Na sasa? Msichana mkubwa, mwenye fizikia yake?"

Alitabasamu bila furaha. "Sasa ninajua si kweli. Mkono ndio haujui."

Juu ya Johannesburg, wasomaji wangu, hakuna saa ya mchana isiyo na ndege angani. Nilikuwa nimempa mtoto katazo lisilo na mwisho, nikaliita ulinzi wa chombo.

Wala siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilipokuwa mdogo, mchana mmoja wa jua kali, nilikikalia kinu kwa makusudi, nikitaka kuhakikisha. Nakumbuka joto la mti ule kwenye mapaja na harufu ya mihogo iliyotwangwa asubuhi. Hakuna kilichotokea, nikajivunia jaribio langu. Mama aliishi mpaka nilipokuwa mwalimu mwenye mvi. Na siku ya kumzika, huku wenzangu wa shule wamenizunguka, nilitupa konzi langu la udongo na kitu cha kwanza kilichonijia akilini hakikuwa sala. Kilikuwa kinu. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu mtu wa ushahidi angesemaje? Lakini nilijua tangu siku ile kwamba neno la aina hiyo halitoki mwilini kwa elimu, nami nikalitia katika mwili wa mtoto ili antena isipinde.

Nilimwita Monika kutoka jikoni. Alikuja akipangusa mikono, nikamwambia yote, kwa utaratibu, bila kuruka kitu: mwiko, kitufe, pazia. Kwenye masafa kosa husahihishwa kabla ndege haijaenda mbali. Langu lilikuwa limekwisha kusafiri utoto mzima wa mtu. Monika alisikiliza akiwa amesimama. Nilimngoja anigombeze, na ingekuwa haki yake.

"Miye nilifikiri amenikatala," alisema tu, na alikuwa akimwambia Naomi, si mimi.

Akaketi karibu naye, akauchukua ule mkono uliokuwa mapajani, akaukalisha juu ya kitufe, wake juu yake. Naomi aliniangalia.

"Kuna moja juu," alisema. "Ninaisikia."

"Zungusha," nikasema.

Akazungusha. Kelele ilipanda, ikashuka, na sauti ya rubani ikaingia chumbani, safi, akirudia agizo alilopewa. Alimaliza kugeuka, akapewa njia ya kushuka, akanyamaza. Naomi hakuuondoa mkono wake, wala mama yake hakuuondoa wake, mpaka mnara wa waongoza ndege ulipomwambia yule rubani, aliyekwisha gusa ardhi, aiache njia ya kutua kwa mkono wa kushoto.